Kashata Iliyorudishwa: Vipi Skuli za Ughaibuni Zilifika Kukataza Njugu



Mwaka juzi nilituma kashata. Si za dukani, ni za mkono wangu. Njugu nilizikaanga mwenyewe, nikazipeta maganda uani, nikazipika na sukari na hiliki mpaka jirani wa pili akauliza kuna shughuli gani. Zilibebwa na msafiri aliyekuwa anakwenda Uingereza, kwa binti wa dada yangu ambaye tulimuoza hapa na akahamia huko. Binti naye, kwa furaha ya kupata kitu cha nyumbani, akamtilia mwanawe wa miaka 5 vipande viwili kwenye kikontena cha chakula cha skuli.

Mchana akapigiwa simu. Jioni mtoto akarudi na kashata zile zile, zimetiwa ndani ya mfuko uliopigwa mafundo mawili, na barua: skuli hii hairuhusu njugu. Mtoto alikuwa amelishwa peke yake meza ya pembeni, na amenawishwa mikono mara mbili kama aliyeshika sumu. Alilia. Mama yake naye alilia, kwa aibu zaidi kuliko huzuni, maana alikuwa bado mgeni pale na hakutaka kujulikana kwa jambo la namna ile. Mimi niliposikia nilisema neno ambalo leo naliona haya: "Watu gani hao wanaogopa mpaka njugu?"

"Mama mdogo, usiseme hivyo," akaniambia. "Darasani kwao yupo mtoto ambaye akila njugu anaweza kufa."

Nikanyamaza. Lakini swali halikunitoka. Sisi tumekua tunakula njugu njiani tukitoka chuoni, tunaoshea kinywa kwa kahawa na kashata, na sikumbuki hata mtoto mmoja wa mtaani kwetu aliyeanguka kwa njugu. Imekuwaje kitu hiki hiki kikawa cha kufungiwa mafundo mawili? Nikaanza kusoma. Hadithi yake ni ndefu na imejaa makosa ya watu wenye elimu kubwa, na ndani yake yamo mambo ambayo mama wa Kiswahili anayelea ughaibuni anahitaji kuyajua.

Kwanza tusijifanye kwamba mzio, au aleji kama tulivyozoea kusema, ni maradhi ya wengine. Nani hapa hana shangazi ambaye akila kamba midomo inavimba? Tunasema "kamba wanamkataa", tunamuwekea changu, maisha yanaendelea. Jambo tunalijua. Tofauti ni kwamba hatukulipa jina wala hatukuliandikia barua.

Jina lilitoka baharini, na hili lilinifurahisha mimi mtoto wa kisiwani. Mwaka 1901 wataalamu wawili wa Kifaransa, Charles Richet na Paul Portier, walisafiri kwenye jahazi la kifahari la Mwanamfalme Albert wa Monaco kuchunguza sumu ya wale viumbe wa baharini wenye nyuzi ndefu zinazowasha. Waliporudi Paris waliendelea na majaribio kwa mbwa, wakitarajia kwamba mbwa akipewa sumu kidogo atazoea, kama mtu anavyopata kinga kwa chanjo. Ikawa kinyume. Mbwa aliyepona vizuri dozi ya kwanza, alipopewa dozi ndogo zaidi wiki kadhaa baadaye, alianza kuhema, akaanguka, akafa chini ya nusu saa. Mwili haukuzoea, ulikuwa umejifunza uadui. Richet akaliita jambo hilo anafilaksia, na mwaka 1913 akapewa Tuzo ya Nobel. Neno aleji lenyewe lilitungwa mwaka 1906 na daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet.

Yashikeni mawili hayo: mwili unaweza kujifunza kuzoea, na mwili huo huo unaweza kujifunza uadui. Miaka mia baadaye madaktari walikuja kusahau la kwanza, na ndipo mambo yalipoharibika.

Njugu nayo ina safari yake. Si ya Afrika wala si ya Ulaya. Kwao asili ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio waliozileta pwani za Afrika karne ya 16. (Yetu ya asili ni njugu mawe.) Huko Marekani kwa muda mrefu zilikuwa chakula cha maskini na cha mifugo. Mwaka 1884 Marcellus Gilmore Edson wa Montreal alipata hataza ya kuzisaga zikawa rojo, na mwaka 1895 Dakta John Harvey Kellogg akaomba ya kwake, kwa ajili ya wagonjwa waliohitaji chakula laini chenye nguvu. Wengi wamefundishwa kwamba aliyebuni siagi ya njugu ni George Washington Carver. Hapana. Carver alifanya kazi kubwa ya kuwafundisha wakulima Weusi wa kusini mwa Marekani kupanda njugu, na mwaka 1916 alichapisha kijitabu chenye namna 105 za kuzipika, lakini siagi ilikuwepo kabla yake.

Siagi ya njugu ilianza kama chakula cha mabibi wa kitajiri, wakiipaka kwenye vipande vidogo vya mkate wakati wa chai. Ilishuka kwa watoto wa kawaida ilipokuwa rahisi. Mwaka 1928 mkate uliokatwa tayari ulianza kuuzwa katika mji wa Chillicothe, Missouri, na sasa hata mtoto angeweza kujipakia mwenyewe bila kisu kikali. Haiharibiki kwa joto, haihitaji friji, inashibisha, bei yake ndogo. Mama akiamka asubuhi ana watoto wanne wa kuwafungia chakula, atafanya nini tena? Kwa miaka sabini hivi mkate wa siagi ya njugu ulikuwa kwa mtoto wa Kimarekani kama andazi lilivyo kwetu. Kwa hiyo siku skuli zilipoukataza, kina mama wa huko nao walihamaki, wengi zaidi kuliko mimi na kashata zangu.

Waingereza ndio wana kisa cha kuchekesha zaidi, na kinatugusa. Baada ya Vita vya Pili walikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia, na serikali yao ikaamua kuyapata Tanganyika kwa kupanda karanga, kama wanavyoziita wenzetu wa bara. Mwaka 1947 wakaanza Kongwa, kwa matrekta na vifaa vilivyobaki vitani. Ardhi ikakauka ikawa ngumu kama saruji, mvua ikakataa, mashine zikavunjika. Mwaka 1951 mpango ukazikwa, na takriban pauni milioni 36 zimepotea. Watu waliotupa mali yote hiyo kuitafuta njugu, leo wajukuu wao wanairudisha ikiwa imefungwa mafundo mawili.

Nimecheka vya kutosha. Sasa kwenye sehemu isiyo ya kucheka.

Mwaka 1992 Dakta Hugh Sampson na wenzake wa Marekani waliandika habari za watoto na vijana 13 waliopatwa na anafilaksia kwa chakula. Sita walikufa. Wote 13 walikuwa wanajulikana kuwa na mzio. Hakuna aliyekula kwa ubishi. Walikula peremende, biskuti, keki ambazo ndani yake kulikuwa na kitu wasichokijua. Karibu wote walikuwa na pumu. Na jambo lililowatenganisha waliokufa na waliopona lilikuwa saa: kati ya wale sita waliokufa, wawili tu walipata adrenalini ndani ya saa ya kwanza. Waliopona, karibu wote waliipata ndani ya nusu saa.

Adrenalini hiyo ni dawa ya sindano ambayo tangu mwaka 1987 huko Marekani inauzwa katika kalamu ambayo mtu asiye daktari anaweza kuichoma pajani, hata juu ya nguo. Basi kina mama wa watoto wenye mzio wakaanza kudai: kalamu ziwepo skuli, walimu wafundishwe. Skuli nyingi, kwa hofu ya kushitakiwa na kwa kutojua, zikachukua njia iliyoonekana nyepesi. Badala ya kumfundisha mwalimu, zikamwandikia barua kila mzazi. Njugu marufuku.

Miaka ya 1990 na 2000 marufuku hizo zilienea Marekani, Kanada na Uingereza, na wakati mwingine zilipita mpaka. Mwaka 2008 Nicholas Christakis, daktari na mtaalamu wa elimu ya jamii wa Harvard, aliandika kuhusu basi la skuli huko Massachusetts ambalo lilishushwa watoto wote wa miaka 10 na kusafishwa kwa sababu ilionekana njugu moja sakafuni. Njugu moja, ndugu zangu. Alisema hofu yenyewe imekuwa maradhi. Wazazi wenye watoto wagonjwa walimjia juu, na ukisoma pande zote mbili unaona kila mmoja ana sehemu ya haki.

Sheria iliyonigusa zaidi ni ya Ontario, Kanada. Mwaka 2003 msichana wa miaka 13, Sabrina Shannon, alinunua chipsi kwenye mkahawa wa skuli yake. Alikuwa na mzio wa maziwa na wa njugu, na alikuwa makini, aliuliza kwanza. Inaaminika kwamba koleo lililomtolea chipsi lilikuwa limeshika jibini kabla yake. Koleo tu. Alifariki. Mama yake hakukaa kimya, na mwaka 2005 bunge la jimbo likapitisha Sheria ya Sabrina, ikaanza kazi Januari 2006.

Na hapa ndipo nilipoacha kuilaumu ile skuli ya Uingereza na kuanza kuifikiria kwa akili. Sheria ya Sabrina haikukataza njugu. Haikukataza chakula chochote. Inataka kila skuli iwe na mpango, kila mwalimu afundishwe, kila mtoto mwenye mzio awe na karatasi yake inayoeleza nini kinamdhuru na nini kifanywe. Uingereza nayo haina sheria inayokataza njugu skulini. Ipo sheria ya England ya mwaka 2014 inayozitaka skuli zimsaidie mwanafunzi mgonjwa, na tangu Oktoba 2017 skuli zinaruhusiwa kununua na kuweka kalamu za adrenalini za akiba. Marufuku ni uamuzi wa skuli yenyewe. Kwa hiyo dada uliye huko usiseme "serikali yao imekataza". Nenda skuli, uliza: mpango wenu ukoje? Kalamu ziko wapi? Nani anajua kuzichoma? Una haki hiyo hata kama mtoto wako hana mzio, kwa sababu mtoto anaweza kuupata bila kutarajiwa.

Kuhusu ufuta nataka nikawie kidogo, maana hili ndilo linalowashtua mabibi harusi wetu. Tunafikiri tatizo ni njugu na korosho. Lakini Uingereza vyakula vinavyotakiwa kutajwa ni vya aina 14, na tangu mwisho wa 2014 vinatakiwa vionekane wazi ndani ya orodha ya vilivyomo, aghalabu kwa herufi nzito. Humo yamo maziwa, mayai, samaki, kamba na kaa, pweza na ngisi, ngano, soya, haradali, na ufuta. Mkate wa ufuta! Halua yetu yenye lozi juu! Nusu ya sinia ya Idd imo mle. Mwaka 2016 binti wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula mkate ulionunuliwa uwanja wa ndege wa London; ufuta ulikuwa ndani ya unga wenyewe, hauonekani, na karatasi haikuutaja. Wazazi wake walipigana mpaka sheria ikabadilishwa, na tangu Oktoba 2021 chakula kinachofungwa pale pale kinapouzwa lazima kiandikwe vyote vilivyomo. Marekani ilianza na vyakula 8 katika sheria ya 2004, na ufuta ukawa wa 9 mwaka 2023.

Mama wa Kiislamu ughaibuni ana faida moja katika hili. Tayari anasoma karatasi. Anageuza paketi kutafuta jelatini ya nguruwe na spiriti kabla ya kuitia kikapuni, anajua majina ya kuficha, anajua kupiga simu kiwandani na kuuliza. Binti yetu alinambia hivyo hivyo: "Mama mdogo, nilikuwa nasoma paketi nzima kwa ajili ya halali na nayaruka maneno ya herufi nzito." Sasa anasoma yote kwa pumzi moja.

Turudi kwenye lile la mwili kuzoea. Watoto wa wenzetu waliupata wapi mzio huu wote?

Mwaka 1998 wataalamu wa serikali ya Uingereza walitoa nasaha kwamba katika familia zenye mzio, mama mjamzito au anayenyonyesha anaweza kuepuka njugu, na mtoto asipewe mpaka atimize miaka 3. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikasema maneno yanayofanana. Ilionekana busara: kitu kinadhuru, kiepushe. Kina mama wakatii, na wengi wasiohusika wakatii pia.

Mzio haukupungua. Huko Uingereza kuna kisiwa kinaitwa Isle of Wight, ambacho watafiti wanakipenda kwa sababu ile ile inayofanya kisiwani kusiwe na siri: watu wanajulikana na wanafuatilika. Huko walilinganisha watoto waliozaliwa 1989 na waliozaliwa kati ya 1994 na 1996. Ambao miili yao ilionesha dalili ya kuichukia njugu kwenye kipimo cha ngozi walipanda kutoka 1.1% hadi 3.3%. Kupanda huko kulianza kabla ya nasaha ya 1998, kwa hiyo sitasema nasaha ndiyo iliyozaa maradhi. Lakini haikuyazuia, na baadaye ilikuja kujulikana kwamba ilisukuma upande usio.

Daktari aliyelishika jambo hili ni Gideon Lack wa London. Mwaka 2003 yeye na wenzake walionesha uhusiano kati ya mzio wa njugu na watoto wenye ukurutu waliopakwa krimu zenye mafuta ya njugu. Hapo nikaweka simu chini nikafikiri. Ngozi ya mtoto mwenye ukurutu imepasuka pasuka. Kinachopakwa kinapenya, na mwili unakutana nacho mlangoni kama mwizi. Kinachoingia kwa mdomo, mapema, mwili unakipokea kama mgeni wa kualikwa. Mtoto aliyefichwa njugu mezani lakini akaguswa na njugu ngozini, kwa krimu au kwa mikono ya watu wazima waliokula, amefundishwa uadui tu bila kufundishwa kuzoea.

Fikirini sasa mila zetu. Sisi ni watu wa mafuta. Mtoto anakandwa tangu siku ya kwanza, bibi harusi anasingwa siku saba, na wapo wanaotia lozi za kusaga ndani ya singo. Bibi harusi mwenye ngozi nzima asinitafutie maneno, singo lake liko pale pale. Ninayemsemea ni mtoto mchanga mwenye ukurutu. Kama ngozi yake ina vidonda na inawasha usiku, usimpake mafuta ya njugu, ya lozi wala ya ufuta hata bibi akisema ndiyo dawa. Mpeleke kwa daktari apewe mafuta yasiyo na chakula ndani yake.

Mwaka 2008 Lack na wenzake walilinganisha watoto wa Kiyahudi wa Uingereza na wa Israel, watu wenye asili inayofanana. Uingereza waliokuwa na mzio wa njugu walikuwa 1.85%, Israel 0.17%, yaani mara kumi. Tofauti kubwa waliyoiona ni kwamba Israel watoto hula vitafunio laini vya njugu kabla hawajatimiza mwaka. Wakafanya jaribio la haki: watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wote wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai, nusu wakapewa njugu kila wiki na nusu wakakatazwa mpaka miaka 5. Matokeo yakatoka mwaka 2015. Waliokatazwa, 17.2% walikuwa na mzio. Waliokula, 3.2%.

Nasaha za zamani zilikuwa zimeshafutwa, Marekani 2008 na Uingereza 2009, lakini sasa zikageuzwa kabisa: mpe mtoto njugu mapema. Na mwaka 2025 madaktari wa Philadelphia walichapisha kwamba mzio wa njugu kwa watoto wadogo Marekani umeanza kushuka tangu nasaha mpya. Bibi zetu walikuwa wanatia njugu zilizosagwa kwenye uji wa mtoto. Sisemi walijua sayansi hii. Walikuwa na njugu na walikuwa na mtoto mwenye njaa. Lakini wale wataalamu wa 1998 wangekaa nao kitako asubuhi moja wangejifunza kitu.

Tahadhari, na hii si ya kuruka. Mapema maana yake karibu na miezi 6, mtoto anapoanza chakula, na njugu iwe imesagwa na kulainishwa kwenye uji. Njugu nzima humkaba mtoto mdogo na haifai kabla ya miaka 5. Na mtoto mwenye ukurutu mkali, au aliyekwisha kupata mzio wa kitu kingine, aonwe na daktari kwanza. Hao wanaweza kuwa wameshajifunza uadui, na kijiko cha kwanza kikawa ndicho cha hatari.

Sasa je, marufuku za skuli zimesaidia? Huko Massachusetts wauguzi wa skuli wanaandika kila mara adrenalini inapochomwa, na mwaka 2017 watafiti walipitia kumbukumbu za miaka mitano. Skuli zilizojiita hazina njugu hazikuwa na tofauti na zile zilizoziruhusu. Zilizokuwa na meza maalumu ya watoto wenye mzio zilichoma sindano kidogo zaidi. Mwaka 2021 jopo la kimataifa la wataalamu likashauri skuli zifundishe wafanyakazi na ziweke adrenalini, na likasema ushahidi wa kukataza vyakula skuli nzima ni dhaifu. Na harufu? Mwaka 2003 watoto 30 wenye mzio mkali walijaribiwa, wakanusishwa siagi ya njugu na kupakwa kidogo ngozini. Hakuna aliyepata anafilaksia. Hatari kubwa iko kwenye kula.

Mikono ndiyo inayopeleka kitu kinywani, na utafiti mwingine wa 2004 ulipima mikono iliyopakwa siagi ya njugu. Sabuni iliiondoa. Vitambaa vya maji vya kufutia viliiondoa. Maji matupu hayakutosha, na jeli za kuua vijidudu hazikutosha. Sisi tunaonawa kwa birika na bakuli baada ya kula tulisikie hilo: sabuni. Wale walimu waliomnawisha mtoto wetu mara mbili walifanya sawa, kama walitumia sabuni.

Nilimuuliza binti yetu kama nimwandikie barua ile skuli, niwaambie yote haya ya Massachusetts. Akacheka. Akasema alishakwenda mwenyewe, akaonana na mama wa yule mtoto mwenye mzio langoni. Mama yule alimwambia hajalala usingizi mzima tangu mwanawe aanze skuli, na kwamba anaijua kabisa kuwa marufuku si dawa, lakini ikimpunguzia mkate mmoja wa njugu kwenye meza ya watoto wa miaka 5 wanaonyang'anyana chakula, ataipokea. Binti yetu hakubishana naye. Kwa watoto wa umri huo hata mimi sibishani. Mtoto wa miaka 14 anajua kukataa. Wa miaka 5 akipewa kipande cha kashata na rafiki yake, atakila.

Basi kikontena kimebadilika. Mwezi wa sita mtoto wake wa pili alianza uji wa njugu nyumbani, baada ya kuonwa na daktari, na mkubwa anakula kashata zake jioni akirudi, ananawa kwa sabuni kabla ya kulala na asubuhi kabla ya kutoka. Skuli anakwenda na sambusa za nyama, tende, visheti, mara nyingine mkate wa kumimina. Nazi ilituchanganya kidogo. Huko Marekani tangu 2006 mamlaka ya chakula iliihesabu nazi pamoja na korosho na lozi, na ndiyo kwanza Januari 2025 ikaitoa kwenye orodha. Uingereza haimo katika zile 14. Binti aliuliza skuli hata hivyo, wakamjibu kwa maandishi kwamba nazi ruhusa.

Wiki iliyopita nimepata msafiri mwingine. Nimepika kashata za nazi katika sufuria mpya, si ile ya njugu, na mwiko mpya, nikazikatia kwenye sinia niliyoisugua kwa sabuni mara tatu, maana kila nilipolishika nilikumbuka lile koleo la Ontario. Juu ya karatasi nimeandika kwa herufi kubwa, Kiswahili na Kiingereza: nazi, sukari, hiliki, maji.